Gari la Viti Viwili

Gari la marehemu mume wangu lilikuwa na viti viwili. Kimoja cha dereva, na kimoja cha mtu ambaye dereva amempenda siku hiyo. Nyuma ya viti palikuwa na kiubao cha kuwekea koti, na ukilazimisha, mkoba. Basi, hakuna zaidi. Nasi katika fleti yetu ya Bukoto, Kampala, tulikuwa watu watatu: yeye, mimi, na mama yake mzazi.

Siku alipolileta nyumbani, kabla wanajeshi hawajashika nchi, nilishuka ngazi nikalitazama lilivyolala chini, jekundu, halinifiki kiunoni. Nikamuuliza, "Bwana, umenunua gari au kiatu?" Alinuna, hakunisemesha mpaka chakula cha jioni. Alikuwa amelinunua kwa mwalimu mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao, na hata wakati huo halikuwa jipya. Viungo vya mbele vilikuwa vimechoka. Likipita kwenye shimo lilikuwa linagonga kama mtu anayebisha hodi. Lakini alilipenda. Mimi nimezaliwa Mombasa, sijafundishwa kumeza maneno, kwa hiyo nasema: alilipenda kuliko alivyonipenda mimi. Lilioshwa kila Jumamosi, na maji ya kuliosha niliyachota mimi.

Mume wangu alikuwa mtu wa bara, Mkenya kama mimi. Alikuwa karani katika ofisi ya bima pale mjini. Tulikwenda Kampala kufuata kazi, kama Wakenya wengi wa siku zile, na hatukuona ubaya. Mama yake alikuja baadaye kutibiwa macho. Alikuja kwa wiki chache, macho yakapona nusu, naye akasahau njia ya kurudi.

Kisha ukaja utawala wa bunduki, na kuwa na gari zima kukawa hatari. Mwanajeshi akilipenda gari lako, alikuja mlangoni akabisha. Alikuomba funguo, nawe ulimpa, na ukitaka kulala kwako usiku huo, ulimwambia ahsante. Nilimwona jirani yetu wa fleti ya chini akimfungulia askari mlango wa gari lake mwenyewe, akamfutia na kioo. Basi watu wa Bukoto wakajifunza. Walifungua magurudumu, wakaliweka gari juu ya matofali, wakaacha nyasi ziote chini yake. Gari bovu ndilo lililobaki kuwa lako. Ungepita nyuma ya fleti zetu ungedhani watu wote wa pale ni mafundi walioshindwa kazi.

Mume wangu hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Yeye alifungua mbele yote: ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu, springi, bolti, kila kitu, akaviingiza ndani ya nyumba. Mikono ikakaa ndani ya pipa la unga. Springi zikakaa chini ya kitanda, nikilala nikiota mtu ananisukuma mgongoni. Bolti aliziweka kwenye kopo la sukari, na hapo sikulalamika, maana sukari yenyewe tulikuwa tukiisikia kwa jina. Gari likabaki nje limeinamisha pua juu ya gogo. Askari walikuja wakalitazama, mmoja akalipiga teke, wakaenda zao. Mume wangu alichungulia dirishani huku machozi yakimlengalenga kwa lile teke.

Likakaa hivyo muda mrefu, mpaka mwaka ule serikali ya Uganda na ya Kenya zilipogombana na sisi Wakenya tukaanza kuwindwa. Kule ofisini kwake walimchukua Mkenya mwenzake wakati wa chakula cha mchana. Koti lake lilibaki kwenye kiti mpaka mtu akalichukua. Mabasi ya kwenda mpakani yalikuwa yakisimamishwa, askari wakipanda na kuwasemesha abiria mmoja mmoja, na mwenye ulimi wa Kenya alishushwa. Mimi na ulimi wangu huu wa Mombasa ningefika wapi? Sokoni nilikuwa bubu. Nikitaka nyanya nilinyoosha kidole, nikitaka kupunguziwa bei nilitikisa kichwa.

Hapo ndipo mume wangu alipopata shauri, na lilikuwa shauri zuri, sikatai. Wote tuliwajua watu wa usalama. Hawakuvaa sare. Walivaa mashati ya maua, miwani myeusi na viatu vya soli nene, wakaendesha magari ya fahari ambayo hakuna aliyewauliza wameyapata wapi. Kwenye vizuizi vya barabarani askari walikuwa wakiwaona kwa mbali na kuinua mti, tena kwa saluti. Mtu mwenye akili hakuwauliza cheti watu wale. Pembeni mwao kila mara alikaa mwanamke wa wigi na midomo myekundu, anatafuna ubani, anacheka.

"Gari jekundu la viti viwili," mume wangu aliniambia chumbani, tumefunga mlango. "Mimi na shati la maua. Wewe na wigi. Nani atatusimamisha? Tutafika mpakani tunapigiwa saluti."

"Na mama?"

"Mama ni mzee, haoni vizuri. Nani atamgusa? Yeye atakwenda kwa basi, taratibu, na watu wa kanisani."

Nilikubali haraka, na sioni haya kusema hivyo. Ilikuwa kweli pia: ajuza wenye mikongojo walikuwa wakipita vizuizi kila siku, askari hawahangaiki nao. Nikamshonea shati la maua makubwa, mekundu na ya njano, lenye kola kama masikio ya ndovu. Nikajaribu wigi mbele ya kioo. Mume wangu akacheka, akasema nikikaa pale na wigi lile hata yeye ataniogopa. Siku hiyo tulikuwa mke na mume.

Taabu ikawa viungo. Bushi zilikuwa zimeoza. Bushi ni ile mipira inayokaa ndani ya ncha za ile mikono, chuma kisisagane na chuma. Na boljointi, kile kiungo cha tufe kinachoruhusu gurudumu kugeuka, zilikuwa zimelegea kama meno ya mtoto. Huwezi kukimbia nchi na gari ambalo gurudumu linaweza kujiendea kwao. Kampala nzima vitu hivyo havikuwepo. Dereva mmoja wa lori la kutoka Nairobi alikubali kuvileta kwa magendo, lakini pesa za Uganda hakuzitaka, alisema hata kufungia karanga hazifai. Alitaka cherehani yangu. Ile niliyopewa na mama yangu siku ya harusi.

"Cherehani utapata nyingine," mume wangu alisema.

Nikampa. Niliibeba mwenyewe mpaka kwenye lori, na nilipokwisha kuipakia nikajiambia kwamba sasa kile kiti nimekilipia.

Tulitengeneza nyuma ya fleti, sisi wenyewe, kwa sababu fundi angeuliza tunakwenda wapi. Kazi ya kwanza ilikuwa kuzitoa boljointi za zamani kwenye mikono yake. Zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Kulikuwa na namna yake: watu wawili wanasimama pande mbili za lile tundu, kila mmoja na nyundo, wanapiga kwa pamoja, dafrao moja, mpaka kiungo kishtuke na kujiachia. Akipiga mmoja peke yake haitoki. Basi tukapiga, mimi huku na yeye kule. Lo! Mlio wake ulikuwa ukifika barabarani. Na Bukoto ya wakati ule, gari likigongwa nyundo kila mtu alijua maana yake: huyu anatengeneza, na anayetengeneza ana safari.

Jirani yetu wa juu, mwanamke mmoja mkimbizi wa kutoka Bukavu, akatoka kwenye roshani akatutazama. Akashuka na kinu chake na kapu la majani ya muhogo, akakaa karibu nasi.

"Mama, mi natwanga sombe," akasema. "Nikipiga, na nyinyi mupige."

Akatwanga, nasi tukapiga pamoja na mchi wake. Mpita njia angesikia mama wa Kikongo anatwanga mboga, basi. Alitwanga sombe siku nzima, mpaka mikono ikamvimba, na fleti zote tukala sombe mpaka tukaichukia. Huyo hakuwa ndugu yetu wala hakuwa akitudai kitu.

Mama mkwe alikuwa akitutazama kutoka dirisha la jikoni. Macho yake yalikuwa yamepona nusu, lakini masikio yalikuwa mazima yote mawili. Jioni moja tunakula, akaweka kijiko chini.

"Nasikia gari linatengenezwa," alisema. "Nasikia lina viti viwili. Mimi shule sikwenda, lakini mpaka tatu najua kuhesabu."

Mume wangu akatazama sahani yake.

"Mama, wewe utakwenda kwa basi," nikasema mimi. "Watu wazima hawawasumbui."

"Sikukuuliza wewe, binti wa pwani. Namuuliza niliyemzaa." Akamgeukia. "Nilikubeba mgongoni nikilima shamba la watu. Leo mgongo wangu umepinda, unaniacha kwa wauaji, unamchukua mwanamke ambaye hata mtoto mmoja hajakupa? Nenda. Lakini radhi zangu huna. Ukifika, usiniite mama."

Kwetu sisi, mtu akinyimwa radhi na mama yake amekwisha. Mume wangu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, gari ni dogo. Na yeye je, tumwache?"

"Si kuna buti?" mama mkwe akasema. "Kila siku mjini hapa watu wanaingia kwenye buti."

Salaale! Nilimtazama nikidhani anatania. Wakati ule mjini kila mtu alijua ni nani wanaotiwa kwenye buti, na wanatupwa wapi. Nikamwambia, "Wanaingia, mama, lakini wanaotoka hawatoki wakitembea." Akachukua kijiko chake akaendelea kula. Mume wangu naye akachukua chake. Chumbani nilimuuliza, naye akanijibu, "Tumalize kazi kwanza. Mama nitazungumza naye." Nami nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini.

Tukaendelea. Tukatia bushi mpya kwa sabuni na kwa nguvu, tukatia boljointi mpya, tukarudisha mikono mahali pake. Zikabaki springi. Springi ya gari inataka kubanwa iingie kwenye nafasi yake, na ikikuponyoka inaweza kukuvunja uso. Chombo cha kuibania hatukuwa nacho. Mume wangu aliweka jeki chini ya mkono, akapiga jeki ili mkono upande uibane springi. Lakini gari lilikuwa jepesi mbele, badala ya springi kubanwa, gari zima likawa linainuka. Ikatakiwa uzito juu ya boneti. Mama wa Kikongo akapanda, nami nikapanda, tukakaa tumeshikana mikono tukicheka kwa hofu, na chini yetu springi inalia. Mume wangu akamwomba mama yake naye apande kidogo.

"Mimi sikai juu ya gari," alisema. "Mimi nitakaa ndani."

Nilisikia. Mama wa Kikongo naye alisikia, akaniminya mkono. Lakini springi ilikuwa nusu ndani, nusu nje, na mume wangu alikuwa ameweka vidole vyake pale. Hapo si mahali pa kuanzisha ugomvi.

Ikaja Jumamosi. Gari lilikuwa limefungwa magurudumu, limesimama kwa miguu yake kwa mara ya kwanza tangu lilipolazwa juu ya gogo. Ikabaki kukaza bolti za bushi, na hapo pana jambo ambalo mume wangu alifundishwa na yule mwalimu wa Kizungu, akalishika kama sala. Ukizikaza gari likiwa limeinuliwa na magurudumu yananing'inia, mpira unashikwa umekaa vibaya. Ukilishusha, mpira unajisokota, na safari haiishi kabla haujachanika. Kwa hiyo unaziacha bolti zilegee, unalishusha gari chini, unawapandisha watu wale wale watakaosafiri, gari linalala kwa uzito wao. Ndipo mtu mwingine anaingia chini na kukaza.

Gari lilikuwa chini mno, huwezi kuingia. Akalisogeza mpaka likakaa juu ya mtaro nyuma ya fleti, ule unaopitisha maji ya vyombo na ya kufulia. Mtu akilala ndani ya mtaro, anazifikia bolti. Mimi nilikuwa nimeshafungua mlango wa upande wangu. Nilikuwa nimeweka mguu mmoja ndani.

"Hapana," akasema. Alikuwa na spana mkononi. Akanipa. "Wewe ni mwembamba. Wewe ingia chini." Kisha akainua uso, akaita kwenye dirisha la jikoni, "Mama! Njoo upande."

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Hakunikalisha chini, hakunieleza, hakusema hata samahani mke wangu. Nilipewa spana.

Mama mkwe alikuja haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea. Akakaa, akaweka kitambaa chake vizuri, akaweka mikono mapajani. Gari likazama kidogo mbele.

Sikunyamaza. Kama mnadhani nilinyamaza, hamnijui. Nikasimama mbele ya lile gari na spana yangu nikasema, "Sikiliza, bwana. Wacha habari ya nani unampenda. Tazama kwa akili. Ni lini umemwona mtu wa usalama akitembea na mama yake? Wanatembea na wanawake! Askari atatazama shati, atatazama miwani, atainua mkono apige saluti, kisha atamwona ajuza wa kanisani. Atacheka. Atasema huyu si wao. Watakujua kwa ajili yake, na watakuua."

"Umesikia?" mama mkwe akasema kule ndani. "Umesikia wivu ukisema?"

"Mama yako hawatamgusa hata akienda peke yake! Wewe ndiye watakayekugusa!"

"Anataka kiti," mama mkwe akasema. "Huyo anataka kiti, anakutisha."

Mume wangu alinitazama, na niliona kwamba maneno yangu yamemwingia. Yalimwingia kabisa. Lakini nilikuwa nakitaka kiti, ndiyo, ni kweli, na yeye alijua nakitaka. Basi akaona neno langu halina kazi. Angelisema mtu mwingine yeyote, angelisema hata mlevi wa pale barabarani, angelisikia. Akaingia ndani ya gari, akafunga mlango wake.

"Kaza nati," akasema. "Wewe nitakutumia mtu. Wanawake hawawasumbui sana."

Nikaingia mtaroni. Maji ya vyombo yalinipita mgongoni, na mabaki ya sombe yetu ndani yake. Juu yangu walikuwa wamekaa wawili hao, nikisikia kiti kikilia mama mkwe akijisogeza. Akainama dirishani akasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Akacheka peke yake. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, na mtu akitumia methali ile mbele yangu, nainuka nakwenda zangu.

Najua mnafikiria nini. Kila niliyemsimulia amenitazama hapa kwa jicho lile lile. Ndiyo, bolti zilikuwa mkononi mwangu. Nilizikaza. Nilizikaza zote, moja baada ya moja, mpaka mikono ikafa ganzi, nikazirudia. Yeye alikuwa mume wangu, na yule alikuwa mama yake, na mimi si mwuaji. Nilikuwa nalia kwa hasira hadi spana inateleza, lakini gari lile mbele lilikuwa zima kuliko siku lilipotoka kiwandani.

Wakaondoka Jumapili wakati wa kanisa, barabara ikiwa na watu. Mume wangu alivaa shati nililomshonea, miwani myeusi, viatu vya soli nene vilivyomfanya akanyage mafuta kama mlevi. Alimwomba mama yake avae angalau wigi. "Nivae nywele za maiti?" mama akasema. Alivaa gauni la sare ya akina mama wa kanisani kwao, kitambaa cheupe kichwani, kifuani ameikumbatia Biblia na miguuni chupa ya chai. Nilisimama nikawatazama: jambazi na mchungaji. Mama wa Kikongo aliyekuwa pembeni yangu akafunga macho.

"Nitatuma mtu," mume wangu akasema. Macho yake sikuyaona kwa ile miwani. Gari likapita kwenye shimo la pale langoni na halikugonga. Nilisikia akimwambia mama yake, "Unaona?" Ndilo neno la mwisho nililosikia kwake, na hakuniambia mimi.

Siku zikapita. Nilikaa ndani, nikila kile mama wa Kikongo alichoniletea. Nilimlaani mume wangu asubuhi, nikamwombea jioni. Mlango ulipogongwa nilidhani ni yule mtu aliyetumwa kunichukua.

Alikuwa mama mkwe. Peke yake. Lori la matoke lilikuwa limemwokota njiani na kumshusha mjini, naye alitembea kutoka mjini mpaka Bukoto. Gauni lile la kanisa lilikuwa tope mpaka magotini. Alikuwa bado amebeba chupa ya chai.

Nilimshika mkono nikamkalisha, nikamuuliza mwanawe yuko wapi. Alinieleza yote bila kulia. Kizuizi cha kwanza walipigiwa saluti. Cha pili walipigiwa saluti, mume wangu akacheka, akasema, "Mke wangu ana maneno mengi." Cha tatu, kule penye msitu kabla ya Jinja, askari aliinua mti, akainua mkono, kisha akainama akatazama ndani.

"Mama," askari akauliza, "wewe nani ya huyu?"

Naye kwa adabu alizofundishwa akamjibu, "Hujambo, mwanangu. Mimi ni mama yake. Ananipeleka nyumbani." Tena akamkaribisha chai.

Yule askari aliwaita wenzake waje waone. Walicheka sana, alisema, walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Bwana mkubwa natembeza mama yake na chai!" Wakamwambia mume wangu avue miwani. Wakamsemesha, akajibu, na ulimi wake wakausikia. Walimshika lile shati la maua wakampeleka msituni, yeye mama akiwa amekaa kwenye kiti chake, akingoja. Alisikia risasi. Kisha akaja askari mwingine, akamfungulia mlango taratibu, akamshika mkono asianguke, akamwambia, "Nenda, mama. Hakuna mtu nakugusa." Akaingia yeye kwenye gari akaliwasha.

Nilikaa chini sakafuni. Ningependa niseme nilimwonea huruma yule mama, lakini wakati ule sikuwa nayo hata ya kuazima. Yeye akawa ananitazama kwa yale macho yake ya nusu.

"Ulisema watamjua kwa ajili yangu," akasema. "Ulisema watamuua. Ulisimama mbele ya gari ukasema, ikawa vile vile. Kinywa chako ndicho kilichomuua mwanangu."

Aliyasema hayo kwa kila aliyekuja kutuhani. Alikaa mkekani akawasimulia: huyu ndiye aliyemtabiria, huyu ana mdomo. Na watu waliamini. Wanawake wa kanisani walikuwa wakinipa mkono huku wameshika vifua vyao, kama wanaojikinga nami. Mama wa Kikongo peke yake ndiye aliyeendelea kula chungu kimoja nami. Mwili hatukuupata, gari hatukuuliza. Njia ya kurudi Kenya kwangu ilikuwa imefungwa, na mama mkwe hakutaka kuona kizuizi tena, kwa hiyo mimi naye tukabaki katika fleti ile ile, mpaka wanajeshi wale walipokuja kuondoka. Nilimpikia, nilimfulia, nilimwosha miguu. Hatukuwa na mwingine.

Kitu kimoja kilibadilika. Aliniogopa. Yule aliyekuwa ananiita binti wa pwani, alianza kuniita mwanangu. Kila asubuhi nikimpelekea chai alikuwa akiikamata kwa mikono miwili, hanywi kwanza, ananiuliza kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, na mimi je? Hujasema neno juu yangu?"

Na kila asubuhi nilimjibu, "Bado, mama."